Salamu na Tembo Kwenye Foleni Moja

Mbalibali, Serengeti
14 Septemba 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Nakuandikia kwa sababu tukipigiana simu wewe unapandisha sauti, mimi nakata, halafu tunanuniana wiki nzima. Kwenye karatasi itabidi unisikilize mpaka mwisho. Konda wa basi la Mugumu ameahidi kuifikisha barua hii kibandani kwako, na jibu umpe yeye.

Ulidhani nimekuja Serengeti kukaa ofisini kwa mafunzo ya vitendo. Na mimi nilidhani hivyo. Lakini shirika lililonipokea lilinipandisha bodaboda mpaka huku Mbalibali, kwa kijana mmoja wa kabila la Wanata anaitwa Benedicto, wakasema nimsaidie. Benedicto aliishia kidato cha nne. Kompyuta alijifunza kwa kuazima ya paroko wao, akitazama video, anajaribu, anaharibu, anajaribu tena. Alichokitengeneza hapa, baba, sijaona mwenzangu yeyote chuoni aliyefika hapo.

Huku tembo wakitoka hifadhini wanaingia mashambani, na mahindi ya msimu mzima yanaisha kwa usiku mmoja. Benedicto ameweka namba moja ya simu. Ukiwaona tembo unatuma meseji kwenye namba ile, na mashine yetu inawatumia majirani wote wa upande huo, hata wenye simu ndogo za vitochi. Wanatoka pamoja na madebe na tochi, na mara nyingi tembo wanageuka. Basi, ni hicho tu. Lakini nimeona mama mmoja akimshika Benedicto mkono akashindwa kuuachia.

Chuoni miaka miwili nimeandika programu kwenye karatasi ya mtihani. Hapa nikikosea, mtu anakosa ugali. Nimejifunza mengi zaidi tangu Julai kuliko miaka yote miwili.

Shirika linataka niendelee, na wanamtaka mtu sasa hivi, kabla mahindi ya vuli hayajakomaa. Nataka kuacha chuo, baba. Nimelisema. Wewe mwenyewe hukusoma chuo, na hakuna redio Tarime iliyokushinda.

Mwanao,
Shamsia


Tarime Mjini
22 Septemba 2024

Mwanangu Shamsia,

Amani iwe juu yako. Barua nimeipata na nimekusikiliza mpaka mwisho kama ulivyotaka. Sasa na wewe nisikilize.

Usiache chuo. Umebakiza mwaka mmoja, na maji umekwisha kuyavulia nguo.

Unasema hakuna redio iliyonishinda. Nikuambie jambo ambalo hukulijua kwa sababu ulikuwa mdogo. Kulikuwa na ofisi moja hapa mjini yenye kompyuta nyingi, jina lake liache. Zikiharibika wananiita, natengeneza, narudi kibandani. Siku walipotaka kumwajiri mtu wa kuzitunza, waliandika kwenye tangazo kwamba awe na digrii. Wakaniita mimi nije na ngazi yangu, nilibandike lile tangazo juu ya mlango. Nililibandika likanyooka vizuri.

Huyo Benedicto ni hodari, sikatai, na umsalimu. Lakini yeye hakufunguliwa mlango, ndiyo maana akapita dirishani. Wewe mlango uko wazi, unataka kutokea dirishani ili iweje?

Mwandiko usikushangaze. Nimejiunguza kidole kwa risasi ya kuchomea nyaya. Maneno ni yangu, mkono ni wa Modesta, binti wa Kemambo anayejifunza kazi hapa kwangu. Ni msikivu na hana haraka.

Marehemu mama yako angesema haya haya, ila kwa upole zaidi.

Baba yako,
Hamim


Mbalibali
6 Oktoba 2024

Baba,

Shikamoo. Pole na kidole.

Habari ya lile tangazo imeniuma. Niliisoma nje ya nyumba ninayokaa, nikasimama, nikaketi tena. Lakini nimeifikiria kwa siku nyingi, na nakuomba radhi kwa nitakayosema.

Ile hasira ni yako, baba. Waliokunyima kazi kwa ajili ya karatasi ni watu wale, na sasa unataka mimi nikaichukue ili niwaonyeshe. Nadhani unaona haya kuwa fundi, na unataka mimi nikufutie haya hiyo. Mimi sijawahi kuiona hata siku moja. Nilikulia chini ya meza yako nikichezea spika zilizokufa. Wenzangu wakiulizwa baba anafanya kazi gani, mimi ndiye niliyekuwa najibu kwa sauti.

Benedicto hapati usingizi programu ikimkataa. Anaamka na jibu. Sijui mwalimu gani anaweza kunipa hilo.

Kidole kikipona, uniandikie mwenyewe. Haya si maneno ya kupitishia kwa mtu wa tatu. Chuo kinafunguliwa karibuni, na nitafanya linalonipasa.

Shamsia


10 Novemba 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Umenyamaza mwezi mzima. Simu ukiipokea unasema tu uzima upo, kazi ipo, halafu unasema kuna mteja.

Mimi sijambo. Mwaka wa tatu umeanza, walimu ni wazuri, kazi ni nyingi. Hali ya hewa nayo si mbaya. Usiwe na wasiwasi.

Niambie kama nilikukosea kwa ile barua.

Mwanao,
Shamsia


Tarime
19 Novemba 2024

Dada Shamsia,

Habari za kazi. Mimi ni Modesta. Mwandiko wangu unaujua, ila leo na maneno ni yangu.

Barua hii nimeielekeza Mbalibali. Barua yako ya mwisho haikuandikwa mahali, na ukasema mwaka wa tatu umeanza, lakini aliyeileta ni konda yule yule wa basi la Mugumu, na akamwambia Mzee, "Binti yako anakusalimia, jana alikuwa stendi." Mzee akamshukuru. Kwa hiyo anajua kwamba hukurudi chuo. Hajasema kitu. Nami nikaona heri nikuambie ujue kwamba anajua.

Barua zako namsomea mimi. Ile ya Oktoba, nilipofika pale uliposema anaona haya kuwa fundi, nikataka kuruka mistari. Akaniambia, "Umevuta pumzi, Modesta. Rudi nyuma usome." Nikasoma. Akaniomba ile redio aliyokuwa anaitengeneza, akaishika mapajani mpaka adhuhuri na hakuifungua. Ndiyo sababu hajakujibu. Si hasira. Ni kama alikuwa anatafuta neno na halikuja.

Sasa la pili. Si kidole, dada. Ni macho. Yalianza kabla ya masika. Rangi za waya hazitofautishi tena. Ananiambia nimsomee rangi, mimi nasoma, yeye anashika, na kwa kuwa vidole vyake vinakumbuka, wateja hawajagundua. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, linaondolewa kwa upasuaji Mwanza. Anaahirisha. Kuvuka barabara sasa anangoja mimi nimshike mkono, na anajifanya ni yeye anayenivusha mimi.

Aliniapisha nisikwambie. Sisi Wakurya kiapo si mchezo. Lakini aliniapisha nisikuambie kwa mdomo wangu, na mimi nimeandika.

Kuhusu chuo chako sina la kusema. Mimi hesabu zilinikataa kidato cha nne na sikulia. Nikija hapa asubuhi nikafungua simu ya mtu iliyozama majini na ikawaka, siku yangu imekamilika. Ila yapo mambo namuuliza Mzee, ananiambia, "Shamsia akija atatueleza." Anasema hivyo mara nyingi.

Modesta


Mbalibali
9 Desemba 2024

Baba yangu,

Shikamoo.

Nilisafiri kuja nyumbani kwa ajili ya macho yako, na kwa ajili ya chuo, na sikusema chochote kati ya hayo mawili. Tuliketi kibandani kama wageni. Uliniuliza kama mvua zimenyesha Mugumu. Nikakuuliza bei ya betri. Modesta akawa anatoka nje kila mara ili atupe nafasi, na sisi tukawa tunamwita arudi. Mpaka nilipokuwa mlangoni naondoka ndipo uliponishika mkono ukasema, "Nitakwenda Mwanza mwezi wa pili, nimekubali." Nikasema, "Na mimi niliahirisha chuo bila kukuambia." Ukasema unajua. Halafu bodaboda akapiga honi.

Sasa nikuambie kwa nini niliondoka haraka vile. Benedicto alikuwa amenipigia simu. Mzee Thadeo, jirani yetu mmoja mwenye shamba mpakani kabisa, alivunjika mguu.

Ilikuwa jioni, jua linazama. Tembo walitoka upande wa mto. Watu waliwaona na walituma meseji mapema, nimezikuta zote kwenye mashine. Lakini mashine haikuwatumia majirani. Ilikaa nazo. Mzee Thadeo aliwaona tembo wakiwa wamekwisha kuingia kwake, akakimbia na debe peke yake, akaanguka kwenye mtaro. Anasema simu yake ililia akiwa amelala mule ndani, ikamwambia tembo wanakuja.

Mahindi yake yamekwisha. Mguu utapona, wamesema, lakini taratibu, kwa umri wake.

Mimi na Benedicto tumebadilisha kila kitu. Tumeongeza mashine yenye nguvu zaidi. Siku mbili ilikwenda vizuri, ya tatu ikagoma tena. Tukabadilisha laini ya simu. Ikaenda, ikagoma. Benedicto amekonda. Tunachofanya ni kutoa kifaa hiki na kuweka kile, baba, na kungoja jioni.

Jana nilikwenda kumwona Mzee Thadeo. Hakunikaripia. Aliniuliza tu, kama mtu anayeuliza njia:

"Binti, kwa nini ilichelewa?"

Nikamwambia sijui. Akaitikia kwa kichwa, akaniuliza kama nimekula. Baba, nimewahi kufeli mitihani, lakini sijawahi kusema sijui na ikanikaa kifuani namna hii. Kama mtu ameanguka na wewe ndiye uliyemwahidi, unapaswa kujua kwa nini.

Shamsia


Tarime
9 Desemba 2024

Mwanangu,

Amani iwe juu yako. Umeondoka na maneno yangu yamebaki mdomoni, kwa hiyo namtamkia Modesta. Nimemwambia aandike yote hata nikijikanyaga.

Uliandika kwamba naona haya kuwa fundi. Nimelichunguza neno hilo kwa muda mrefu, maana mtu akikutuhumu jambo inafaa uangalie kwanza kama ana haki. Sioni haya. Babu yako alikuja huku kutoka Tanga na mkasi wa kukatia mabati, akawafulia watu wa Tarime makarai, na alizikwa na watu wengi. Mikono imetulisha sisi.

Ila kuna jambo sijakuambia. Unakumbuka likizo yako ya mwaka wa kwanza, nilikuuliza kwa nini televisheni ya kichogo iliyochomolewa tangu jana inaweza kumpiga mtu shoti? Nimepigwa shoti na televisheni maisha yangu yote. Najua mahali pa kugusa na mahali pa kuogopa. Najua kapasita mbovu kwa kuipapasa tu. Lakini kwa nini umeme ubaki mule wakati waya umetoka ukutani, hilo sikulijua na hakuna aliyenieleza. Wewe ulichukua ubavu wa boksi la sabuni ukachora kapasita, vibati viwili vinavyotazamana, ukanieleza jinsi umeme unavyobanwa katikati ukikosa njia ya kutoka. Ulichukua muda mfupi tu, kisha ukaenda kuoga.

Mimi nilibaki pale, Shamsia. Mtu mzima mwenye mvi, nimelishika lile boksi mpaka ukarudi. Miaka yote nilikuwa kama mtu anayeishi nyumba ambayo chumba kimoja kimefungwa, anakipita kila siku, kisha mtoto wake anakuja anakifungua, anaondoka anaimba. Redio iliyoharibika nabadilisha kitu hiki, nikiona bado nabadilisha kile. Ikipona nashukuru. Isipopona nasema imekufa. Siwezi kusema kwa nini. Kwa sababu hiyo nataka urudi chuoni. Watu wale wa tangazo nilishawasahau, nilikutajia wao kwa sababu ni rahisi baba kusema habari ya kazi kuliko kusema kwamba kuna mambo anatamani kuyajua.

Na macho. Sikukuambia kwa sababu niliogopa ungerudi ukae kwenye meza hii badala yangu. Na niliogopa zaidi kwamba ningefurahi.

Sitakulazimisha. Umekua. Ukiamua kubaki na tembo wako, baki, na nitakuombea dua. Ila usiseme kwamba chuo hakina kitu kwa sababu kinafundisha kwenye karatasi. Mimi nilipewa jambo kubwa kwenye boksi la sabuni.

Baba yako,
Hamim

Dada, Modesta hapa. Kama una madaftari ya mwaka wa kwanza usiyoyatumia, yatume na basi. Haya ya vibati viwili na mimi nayataka.


Mbalibali
17 Januari 2025

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo.

Barua yako na yangu zilipishana njiani. Siku ile ile mimi naandika kwamba nabadilisha kifaa hiki na kile, na wewe unaandika hivyo hivyo. Nilimsomea Benedicto ya kwako, nikimfafanulia pale aliposhindwa kuelewa mambo ya televisheni. Nilipomaliza akauliza kama nina namba ya mwalimu yeyote.

Ninayo ya mwalimu Felix, aliyenifundisha mwaka wa pili. Nilimwandikia nikidhani atanitumia dawa nimeze. Yeye akanirudishia maswali. Jioni zinaingia meseji za aina gani? Zinatolewa kwa mpangilio upi? Nani anasubiri nyuma ya nani? Nikaona aibu kidogo, maana hatukuwahi kuziangalia meseji zenyewe. Tulikuwa tunaangalia mashine.

Basi tukaketi mimi na Benedicto tukazisoma. Baba, watu wa Mbalibali wanaisalimia mashine. Mtu anaandika, "Habari za jioni, poleni na kazi," anatuma, ndipo anaandika la pili. Mwingine anauliza kama mvua itanyesha. Mwingine anauliza bei ya maharage Mugumu. Mama mmoja, jioni ile ile ya Mzee Thadeo, aliitakia heri ya Krismasi mapema, yeye na familia yake yote. Na Benedicto, kwa kuwa ni mtu wa adabu, aliifundisha mashine imjibu kila mtu kabla ya kwenda kwa anayefuata. Jioni watu wakirudi nyumbani wakashika simu, salamu zinafurika. Meseji za tembo zinakuja nyuma yake. Salamu na tembo vilikuwa vimesimama kwenye foleni moja.

Na kila tulipoongeza nguvu ya mashine, shirika liliona mambo mazuri likaunganisha kitongoji kingine, salamu zikaongezeka.

Benedicto alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaacha kucheka, akasema, "Mzee Thadeo alikuwa nyuma ya Krismasi."

Sasa tembo wana njia yao, hawangoji mtu. Salamu zinajibiwa baadaye. Benedicto amekataa kuziondoa, anasema mtu akikusalimia huwezi kumnyamazia. Tumekwenda tangu mwaka mpya bila kugoma.

Mwalimu Felix ameniambia mambo ya foleni ni somo zima, linafundishwa mwaka wa tatu. Ndio mwaka nilioacha. Nikamwambia Benedicto, nikitegemea atanicheka. Akajibu kwamba hata mwalimu mwenyewe asingebuni kwamba watu wa huku wanaisalimia mashine. Ni kweli, na mwalimu Felix nilipomweleza alisema vivyo hivyo, akaomba ruhusa awasimulie wanafunzi.

Nilikwenda kwa Mzee Thadeo kumpa jibu lake. Nilimweleza kwa punje za mahindi kwenye ungo, hizi salamu, hizi tembo. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Kumbe mimi mwenyewe nilikuwa naisalimia kila jioni." Mkewe akaangalia pembeni. Nikamwambia kosa halikuwa la salamu.

Nimeomba kurudi chuoni Oktoba, na wamekubali. Sirudi kwa sababu ya mlango wala dirisha. Mimi sidhani digrii ingemfanya Benedicto awe bora, na sidhani huku Mbalibali pekee kungenifanya nijibu lile swali. Sijapata namna nzuri ya kulisema. Labda nitaipata.

Mwezi wa pili nitakuja Mwanza, nitakuwa pale hospitali ukiingia na ukitoka. Hilo halina mjadala. Madaftari yamo kwenye kifurushi hiki. La umeme lina kurasa zilizolowa chai, Modesta anivumilie.

Mwanao,
Shamsia


Tarime
2 Novemba 2025

Dada Shamsia,

Natumaini umefika chuoni Dodoma salama na umepata chumba. Hii ya leo nimeandika mahali, uone nilivyo mwaminifu kukuzidi.

Mzee hajambo. Tangu jicho la pili lifunguliwe Agosti amekuwa msumbufu. Anaona vumbi kila mahali. Alitazama kazi nilizochomea mwaka mzima akasema, "Kumbe ulikuwa unaniambia ni safi," kisha akakaa akazitazama tena, akasema kwa kweli ni safi.

Lile daftari tumelimaliza. Mwanzoni nilikuwa namsomea, sasa ananinyang'anya. Tunabishana. Wateja wanasubiri mlangoni na sisi tunabishana umeme unatoka upande gani. Nilimuuliza kama anasikitika kwamba hukubaki kibandani. Akasema kibanda kina mtu.

Mimi nimefurahi siku nzima, lakini usimwambie.

Modesta


Mbalibali, Serengeti
11 Januari 2026

Mwanangu Shamsia,

Amani iwe juu yako na juu ya masomo yako.

Umeona nilikoandikia. Benedicto alinipigia simu kwamba boksi la betri za sola linalowasha mashine yenu linazima mchana kweupe, na fundi wa Mugumu amelishindwa. Nikamwachia Modesta funguo, nikapanda basi. Yule konda amekataa kuniita mteja, ananiita baba yake Shamsia.

Kosa la boksi nimelipata. Waya mmoja ulikuwa umeliwa na wadudu ndani, kwa nje mzima. Kulipata kwangu kulikuwa kwa vidole kama zamani, lakini safari hii nilimweleza Benedicto kwa nini lilizima mchana na si usiku, nikachora chini kwa kijiti. Amenisikiliza, kisha akanionyesha programu yenu. Nimeelewa robo. Ile robo nimeipenda. Kijana huyu ana moyo, na anauliza habari zako kwa namna ya mtu anayejifanya haulizi. Mimi simo.

Nimelala kwa Mzee Thadeo. Anatembea kwa fimbo, na amelima kidogo, mahindi yamebeba. Tulizungumza sana. Yeye anaona mtoto asipoondoka nyumbani hujui kama ana akili au ana mazoea tu. Mimi nilimwambia kwamba akiondoka unabaki hujui kitu chochote. Alikubali. Ana watoto Mwanza na Arusha.

Sasa nikuambie la jana. Nimezaliwa Tarime, nimezeeka Tarime, hifadhi iko hapo, watu wanatoka Ulaya kuja kuitazama, na mimi sikuwahi kumwona tembo. Fundi hana safari ya kwenda kutazama wanyama. Jana jioni tulikuwa nje tunamenya maharage, meseji ikaingia, na kabla sijavaa viatu majirani walikuwa wanatoka kila upande, wanawake, vijana, mzee mmoja na kengele ya ng'ombe. Hakuna aliyekimbia. Walikuwa wanatembea kama watu wanaokwenda kazini. Thadeo akanipa debe na kipande cha chuma.

Nikawaona. Mwanzoni nilidhani ni vichaka, kisha vichaka vikatembea. Niliyapata macho haya kwa kisu cha daktari, na sikujua nilikuwa natunziwa kitu gani. Walikuja polepole wakiwa na mtoto katikati yao, na mwanga uliobaki ulikuwa mgongoni mwao. Niliogopa. Nikapiga debe. Nilipiga pamoja na watu nisiowajua majina mpaka mikono ikafa ganzi.

Wakasimama. Yule mkubwa akatutazama sana, kisha akageuka, na wengine wakamfuata. Tuliendelea kupiga hata walipokwisha kupotea, mpaka mtu mmoja akacheka, kisha wote tukaacha.

Thadeo alipapasa hindi moja la pembeni, akalitazama, akaliacha kwenye bua lake. Akasema twende tukale.

Baba yako,
Hamim